Kompyuta Mpya Iliyolala Kila Saa Nne

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni jeupe. Mama alilipiga pasi ya makaa, akaniombea mlangoni, nami nikatoka nyumbani Kiminini nikiamini kwamba naenda kuwa mtu wa ofisi. Nilipofika Kitale, Meneja wa karakana alinitazama juu hadi chini, akanikabidhi brashi, kopo la mafuta ya taa na taipureta iliyojaa unga wa mahindi. Kufikia saa sita mchana gauni lilikuwa na rangi ambayo hadi leo sijui inaitwaje.

"Kesho ukuje na koti ya kazi," Meneja akaniambia. "Ama usikuje."

Nilikuja. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Tulitengeneza taipureta na mashine za kurudufu, yaani zile za kuzungushwa kwa mkono ambazo shule zilitumia kutoa nakala za mitihani. Ninyi mliozaliwa mkakuta printa hamuijui harufu ya wino ule, na wala hamjakosa kitu. Mafundi wenzangu, wanaume watupu, waliniita Madam kwa kunidhihaki. Meneja alisikia, akawaambia skrubu haijui imeshikwa na mkono wa nani, akarudi kwenye kazi yake. Hakulisema tena neno hilo, lakini dhihaka zilipungua. Namshukuru mtu huyo kila nikikumbuka Kitale, kwa maana hakuna aliyemlazimisha kumwajiri msichana.

Meneja alikuwa na desturi moja iliyoniudhi sana mwanzoni. Mteja akileta mashine, hakumwuliza imeharibika wapi. Alimwuliza inakaa wapi. Siku moja karani wa kinu cha kusaga mahindi kule mji wa Kwanza alileta taipureta yake kwa mara nyingine tena, herufi zimegandana.

"Inakaa karibu na dirisha la kusagia?" Meneja akamwuliza.

"Ndiyo, mzee. Hapo ndio kuna mwanga."

"Basi irudishe, uhamishe meza. Msichana ataipiga brashi tu. Hakuna kitu ya kutengeneza hapa."

Karani alipoondoka nililalamika kwamba tunafukuza wateja. Meneja hakukasirika. Alisema, "Hii mashine haiishi hapa kwangu, imekuja kutembea tu. Mimi nitajuaje shida yake kama sijui kwake?" Nilidhani ni maneno ya mzee aliyechoka, kumbe alikuwa ananipa kazi yangu yote mkononi.

Kompyuta zilipoingia, taipureta zilianza kuletwa moja moja, kisha zikawa hazifiki. Tajiri wetu, mwenye karakana, alifungua tawi Bungoma la kuuza na kutengeneza kompyuta. Meneja, ambaye mwenyewe alikataa kata kata kujifunza mambo hayo mapya, alikwenda kwa tajiri akamwambia anitume mimi. Nililia nilipoaga. Yeye alinipa mkono na kuniambia nisisahau koti.

Bungoma nilipokelewa na Msimamizi wa Ufundi, mtu mnene aliyependa chai ya maziwa na aliyekuwa akigomba huku anacheka, hata usijue kama amekasirika. Alinifundisha yote ninayoyajua kuhusu kompyuta, na zaidi ya yote alinifundisha lile lalamiko ambalo lilikuja kunipa ugali kwa miaka mingi: mashine ni mpya, lakini inajikokota.

"Bana, hii kitu nimenunua juzi tu!" mfanyabiashara mmoja alitufokea, sanduku kwapani. "Nikiiwasha naenda kunywa chai, narudi bado inazunguka!"

"Kwani chai yenyewe ilikuwa mbaya?" Msimamizi akamwuliza, na yule bwana akajikuta anacheka bila kupenda.

Kisha tukaifungua. Msimamizi alikuwa na namna ya kueleza ambayo mtu aliweza kurudi nayo nyumbani. Alisema memori ya kompyuta, ile watu huita ramu, ni meza ya kufanyia kazi, na diski ni kabati. Meza ikiwa ndogo, kila karatasi unayoihitaji sharti uinuke uiendee kabatini, na hapo ndipo mashine inapokaa ikizunguka. Watu hununua mashine kwa kutazama ukubwa wa kabati, hakuna anayeuliza habari za meza. Akaonyesha pia kwamba mashine nyingi hutoka kiwandani zimejazwa programu ambazo mwenyewe hakuziomba, na zote huamka pamoja kila inapowashwa, zikigombania meza ile ile. Wengine huongeza antivirasi ya pili juu ya ile iliyopo wakidhani ulinzi umeongezeka, kumbe zile mbili zinashinda zikipekuana. Na siku za mwanzo mashine mpya huwa inapakua masasisho yake kimya kimya, kwa hiyo mara nyingine dawa ni kuiacha na intaneti siku nzima, wewe uende shambani.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Msimamizi hakulicheka. Alichukia fundi anayemdanganya mteja, hata kwa nia njema. Mwenzetu mmoja aliwahi kumwambia mama fulani kwamba mashine yake ilikuwa na kasoro ya kiwandani, ili asimwaibishe kwa kumwambia kwamba alimwaga uji kwenye kibodi. Msimamizi alimwita mbele yetu sote. "Huyo mama atarudi nyumbani na uji wake," alisema. "Wewe umemsaidia nini?" Nilimwonea huruma mwenzetu siku ile, lakini maneno yale yalinikaa.

Miaka ikaenda. Msimamizi alistaafu, nami nikapewa kazi ya kuzungukia shule zilizonunua mashine kwetu. Niliipenda kazi hiyo. Shule hukupa chai, hukupa mahindi ya kuchemsha, na walimu hukusikiliza kwa sababu wanataka uende haraka mitihani ichapwe. Ndipo nikaitwa kwenye shule moja ya sekondari upande wa juu wa Sirisia, na sababu ya mimi kushika kalamu leo ni shule hiyo.

Mkuu wa Shule alikuja kunipokea langoni mwenyewe. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye haraka, na shule ilionyesha mkono wake: maua yamekatwa, mawe ya njiani yamepakwa chokaa.

"Karibu, Madam. Tumeteseka," akaniambia. "Mimi nataka uniambie kitu moja tu. Shida ni mashine ama ni mtu?"

"Mtu gani, Mwalimu?"

"Karani wetu, Madam Nafula. Amechapa na ile kompyuta ya zamani miaka mingi, hakuna shida. Sasa wazazi wamechanga, wamenunua mpya, na mitihani ndio inachelewa zaidi. Mashine iko mpya, Madam! Bodi inakutana wiki hii. Kuna kijana ako na diploma, ako tayari kuanza. Nataka niende mbele yao na neno la fundi."

Nafula aliajiriwa na bodi ya shule, si na serikali, na mtu wa bodi huachishwa kazi kwa kikao kimoja. Nilimkuta ofisini amesimama pembeni ya meza, mwanamke aliyekaribia umri wa miaka hamsini, mikono ameikunja. Alinisalimia kwa upole, akanivutia kiti. Baadaye nilikuja kujua kwamba mshahara ule ndio uliokuwa ukimsomesha binti yake chuoni.

Nikaiwasha mashine. Iliamka vizuri. Meza, yaani memori, ilikuwa ya kutosha. Nilizima programu mbili tatu zisizo na kazi, nikafungua mtihani wa jiografia, nikachapa, nikatoa nakala. Ilikimbia bila taabu yoyote. Mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Unaona?" akasema. "Kwa fundi inafanya. Kwa huyu haifanyi."

Nataka niseme wazi nilivyohisi: nilitamani mashine ile ikwame. Katika maisha yangu yote ya kazi sijawahi kuiombea mashine mabaya, ila siku hiyo niliomba. Haikukwama. Nilimwambia Mkuu anipe muda hadi baada ya chai, naye akaenda darasani akiwa na sura ya mtu aliyekwisha kupata jibu lake.

Tulipobaki wawili nikamwuliza Nafula mashine humsumbua wakati gani.

"Asubuhi inakimbia, mayi," alisema, na kila l yake ilitoka kama r. Kwetu mayi ni mama, na humwita hivyo hata mtu asiyekuzaa ukimheshimu. "Ikifika saa nne, inaanza kurara. Unabonyeza herufi, inakuja nyuma yako porepore. Kira siku. Reo tu ndio imekataa kunionea huruma."

Maneno hayo yalinigutusha. Meza ndogo haijui saa. Programu za kiwandani huchelewesha mashine asubuhi inapoamka, hazingoji saa nne. Kitu kinachoongezeka polepole tangu asubuhi ni joto. Ndani ya sanduku, lile ambalo watu wengi huliita CPU, kuna prosesa inayofanya hesabu zote, na ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe isije ikaungua. Haizimi. Inapunguza tu, na wewe uliyekaa mbele yake utadhani ni uvivu. Lakini nilikagua feni, ilikuwa inazunguka. Matundu ya hewa yalikuwa wazi, hayana hata vumbi. Chumba chenyewe kilikuwa na ubaridi wa mlimani. Nikakaa nikaitazama ile mashine, nayo safi, imekaa wazi juu ya meza, nikaona ni safi kupita kiasi. Ndipo nikauliza swali la Kitale.

"Nafula, siku ambazo mimi siko, inakaaje?"

Akashangaa kidogo. "Siku zingine iko na nguo zake."

"Nguo gani?"

Akafungua droo ya chini. Akatoa vitambaa vitatu vya kroshia, vyeupe, pindo la buluu, ambayo ndiyo rangi ya shule: kimoja cha skrini, kimoja cha kibodi, na kikubwa cha kulivika sanduku hadi chini. Chini yake kulikuwa na mfuko mkubwa wa nailoni, ule ule ambao sanduku lilikuja nao kutoka dukani, umekatwa tundu la nyaya na tundu la kitufe cha kuwashia.

"Niriivua kwa sababu unakuja," akasema. "Si vizuri mgeni kukuta kitu imefunikwa kama tunaficha."

Sitamcheka, na nakuomba nawe usimcheke. Nenda nyumba yoyote ya kwetu, kuanzia Kitale hadi Sirisia, uone kama utakuta kiti kisichovaa kitambaa. Redio ina chake, televisheni ina chake, rimoti inabaki kwenye nailoni yake hadi tarakimu zinafutika. Mimi mwenyewe friji yangu ina kitambaa, na nimekifuma mimi. Kitu kilichonunuliwa kwa jasho la watu hakiachwi uchi. Wazazi wa shule ile walichanga wakiuza mahindi na kuku, na Nafula alitumia likizo nzima kufuma asante yake.

Nikamwomba aivike kama kawaida. Akatia nailoni kwanza, akaivuta ikae sawa, kisha vitambaa juu yake. Nikafungua kwenye skrini dirisha dogo linaloonyesha mwendo wa prosesa, nikamwambia achape kazi zake. Tukaletewa chai na maandazi. Tulizungumza habari za binti yake na mvua. Taratibu ule mwendo ukaanza kushuka, ukashuka tena, na herufi zikaanza kuchelewa kutokea. Nafula aliacha kuchapa. Alitazama skrini, akatazama vitambaa, akaelewa kabla sijafungua mdomo.

"Basi ni mimi," alisema. "Mkuu arisema ukweri. Shida ni mtu."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Niliitwa kuja kusema kama ni mashine au ni mtu, na jibu nililokuwa nalo, likisemwa kwa sentensi moja, lingempeleka mwanamke huyu nyumbani. Ningeweza kusema feni ilikuwa na hitilafu nikairekebisha. Nani angejua? Vitambaa vingerudi droo, mashine ingekimbia, kazi yake ingebaki. Uongo wenyewe ulikuwa tayari ulimini. Nikamwona Msimamizi na kikombe chake cha chai, nikaona haya.

"Nafula, mimi nitasema kila kitu nilichokiona," nikamwambia. "Sitapunguza na sitaongeza."

"Sema tu, mayi," akajibu, akafuta mikono kwenye sketi.

Mkuu aliporudi sikuanza na maneno. Nilimwomba aweke kiganja chake juu ya sanduku, chini ya kitambaa. Aliuweka mkono, akauondoa upesi. Nikamweleza habari za prosesa na joto, na kwa nini asubuhi mashine ni nzima na saa nne inaugua, na kwa nini kwangu ilikimbia. Alisikiliza vizuri, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa sayansi, na sikuhitaji kurudia.

"Kwa hivyo ni kufunikwa," akasema. "Nani ameifunika?"

"Ni mimi, Mwarimu," Nafula akajibu. "Vitambaa ni vyangu."

Akaishia hapo. Nilingoja aendelee, hakuendelea. Niliona kuna kitu kimeachwa, na ukweli niliouahidi ulikuwa bado haujakamilika.

"Kitambaa cha kroshia kina matundu, Mwalimu," nikasema. "Peke yake kingezuia hewa kidogo tu. Kilichoibana pumzi hasa ni nailoni. Nailoni nayo ni ya nani?"

Nafula alitazama chini. Darasa la jirani lilikuwa likisoma kwa sauti. Mkuu alivuta kiti, akakaa, na ile haraka yake yote ikamwishia.

"Nailoni ni yangu," akasema. "Nilisema isitolewe mpaka siku ya wazazi. Nilitaka wakuje waone iko mpya." Kisha akamgeukia karani wake. "Si ungeniambia, Nafula? Nimesema maneno mengi juu yako, na wewe umenyamaza tu?"

"Wewe ndio Mkuu, Mwarimu. Ningeanzia wapi?"

Mkuu aliinuka, akaivua nailoni kwa mikono yake mwenyewe, akaikunja na kuitia kwenye kapu la taka. Vitambaa alivikunja polepole na kumrudishia mwenyewe. Aliniuliza kama vinaweza kuvikwa mashine ikiwa imezimwa na imepoa, nikamwambia vinaweza, tena vitazuia vumbi. Niliondoka pale bila kujua bodi itasikia nini.

Nilialikwa siku ya wazazi ili nijibu maswali kuhusu mashine, nami nikaenda. Kompyuta ilikuwa juu ya meza mbele ya watu, haina nailoni wala kitambaa. Mchungaji aliiombea. Kisha Mkuu akasimama. Nilimwona Nafula nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu aliyejiandaa kutoka kabla hajatolewa.

"Wazazi, mmeuliza kwa nini mashine mpya ilikuwa inatuchelewesha," Mkuu akasema. "Ni mimi. Nilikataza nailoni itolewe, ikakosa hewa. Sasa nataka mjue kitu ingine. Madam Nafula amefanya kazi na mashine iliyobanwa pumzi muhula mzima. Inakataa, yeye anarudi Jumamosi. Mitihani ilichelewa kufika kwa walimu, lakini hakuna hata siku moja mtoto wenu alikaa darasani akakosa karatasi. Hiyo ndio nimeambia bodi, na bodi imesikia."

Akina mama walianza kupiga vigelegele. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba hata yeye televisheni yake imefungwa hivyo hivyo na akifika nyumbani ataifungua, watu wakaangua kicheko. Nafula alibaki pale mlangoni, mkono mdomoni, akilia. Nami nililia. Sikuona aibu yoyote.

Sasa nimestaafu. Nimerudi Kiminini, nina mahindi yangu na ng'ombe mmoja mkaidi, na majirani bado wananiletea mashine zao mpya zinazojikokota. Ninawaambia habari za meza na kabati, za programu zinazoamka bila kualikwa, na kwanza kabisa ninawauliza inakaa wapi. Vijana wangu, wakubwa wangu wawili wa kazi hawakunifundisha kukaa juu ya watu. Mmoja alinifundisha kuuliza na mwingine alinifundisha kutosema uongo. Mkuu wa Shule yule naye, ambaye hakuwa bosi wangu, alinionyesha mtu mwenye cheo akibeba kosa lake mbele ya umati bila kusukumwa. Nimeona wachache wa namna hiyo, na namshukuru Mungu kwamba nilikuwepo.

Juzi nilimpigia Nafula simu kumjulia hali. Nilikuwa na habari tele za kumpa, nikaanza na ng'ombe. Nyuma yake nilisikia printa ikitoa karatasi, na mwalimu fulani akimwita kwa haraka.

"Mayi, nisamehe, nitakupigia jioni," akanikatiza. "Saa hii niko na kazi."